Uko shua Mungu yuko? Hayo ni maswali mawili, na Wakenya wengi hujibu moja tu

Mei 2021 kulitokea stori Kenya ambayo hata mchekeshaji angeogopa kuitunga. Katibu wa Atheists in Kenya Society, kile chama cha Wakenya wasioamini Mungu, aliacha cheo chake. Sababu? Amempata Yesu. Mwenyekiti wa chama, Harrison Mumia, akatoa taarifa rasmi kama ya kampuni iliyopoteza meneja: wanasikitika, wanamtakia Seth Mahiga kila la heri na Yesu wake, wanamshukuru kwa mwaka mmoja na nusu aliohudumu, na sasa kiti kiko wazi, mwenye nia ajitokeze.

Mtandao uliwaka. Stori ikavuka hadi ng'ambo, wasee wakacheka, washirika wakasema haleluya. Lakini kuna kitu kilipita hapo bila watu kukigusa. Mahiga alieleza kanisani kwamba alikuwa anapitia magumu. Alichotaja ni maisha kumbana. Na kama unafikiri hiyo ni mambo ya atheists peke yao, hebu uliza mabeshte wako walioacha kanisa waliachia wapi. Wengi watakutajia mazishi, bili ya hospitali, ama pasta aliyewaboesha. Wachache sana watakutajia kitabu.

Kwa hivyo kuna maswali mawili hapa, na tumezoea kuyachanganya. La kwanza ni lile la kila siku: Mungu yuko ama hayuko? La pili hatuulizani kabisa: wewe uko shua kiasi gani, na huo uhakika uliutoa wapi? Hili la pili ndilo tunachambua leo, kwa sababu la kwanza limebishaniwa zaidi ya miaka elfu mbili na sidhani litaishia hapa kwetu.

Dini yako ilijibiwa na mathe

Tuanze na namba. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Waliosema hawana dini walikuwa 755,750, kama 1.6%. Mwaka wa 2009 walikuwa 922,128. Yaani nchi imeongeza watu karibu milioni 9 ndani ya miaka kumi, na wasio na dini wakapungua. Ukiishi TikTok ungedhani mambo yanaenda upande ule mwingine.

Lakini jiulize karani wa sensa alipobisha kwenu ile Agosti, nani alifungua mlango. Fomu hujazwa nyumba kwa nyumba, na mara nyingi mtu mzima mmoja ndiye hujibu kwa niaba ya wote. Kama ulikuwa na miaka 19 na bado uko kwa masa, kuna uwezekano mkubwa dini yako ilijibiwa na yeye akiwa anapepeta mchele. Hakuna aliyekuita kutoka kwa chumba kukuuliza kama bado uko ndani ya hii maneno.

Tena sensa huuliza dini, haiulizi imani. Mtu akisema "Katoliki" amekuambia alibatizwa wapi na atazikwa na nani. Kama usiku akizima taa anaamini kuna mtu anamsikia, hiyo fomu haina kisanduku chake. Kuna wengine zaidi ya 70,000 ambao 2019 walijibu kwamba hawajui. Manze hao ndio ningependa tukae nao chini tupige stori.

Pia angalia mazingira. Wimbo wa taifa unaanza kwa sala. Katiba ya 2010 inaanza kwa kumtambua Mungu muumba kabla haijasema chochote kuhusu kura ama kaunti. Halafu ukisoma mbele kidogo, kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa, na cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa kuamini ama kutoamini. Zote mbili ziko kwa kitabu kimoja. Hiyo society ya akina Mumia ilisajiliwa Februari 2016, na kufika Aprili Mwanasheria Mkuu akawa amesimamisha usajili, ikabidi waende kortini. Mkutano wa chama cha nyumba unaanza na maombi. Harusi, mazishi, harambee, hata mkutano wa kufukuza chairman, maombi kwanza. Mahali kama hapa kusema "ndiyo, Mungu yuko" hakukugharimu kitu. Kusema "sina uhakika" kunaweza kukugharimu mchango wa fees.

Jipime, kutoka 1 hadi 7

Kuna msomi wa biolojia wa Uingereza anaitwa Richard Dawkins, pengine ndiye asiyeamini maarufu zaidi duniani. Kwenye kitabu chake The God Delusion cha 2006 alichora mizani ya namba 7. Ukiwa 1, unasema najua Mungu yuko, mwisho wa maneno. Ukiwa 7, unasema najua hayuko, mwisho wa maneno. Katikati, 4, ni wale wanaoona pande zote mbili ziko sawa. Sasa guess yeye mwenyewe alijiweka wapi. Sita. Anaegemea saba, lakini hakukanyaga saba. Huyu ni msee ametengeneza jina lake lote kwa kumkana Mungu, na bado ameacha mlango wazi kidogo kwa sababu kwa kazi yake huwezi kusema unajua kitu ambacho hujathibitisha.

Sasa fikiria ni Wakenya wangapi unawajua ambao wangejiweka 2. Si 1. Mbili: naamini sana, naishi hivyo, lakini siwezi kuapa kwamba najua. Nina shaka kwamba ukiingia kanisa lolote Jumapili utapata wengi wako 2 na 3, wamekaa katikati ya watu wanaodhani kila mtu mwingine ni 1.

Utafiti wa aina hii umefanywa kwingine. Mwaka wa 2012, Tom W. Smith wa Chuo Kikuu cha Chicago alitoa ripoti ya nchi 30, akitumia data ambayo ya karibuni zaidi ilikuwa ya 2008. Watu walipewa sentensi kadhaa wachague moja, kuanzia ile ya kusema simwamini Mungu hadi ile ya kusema najua yuko na sina shaka yoyote. Ufilipino, kama 84% walichagua hiyo ya mwisho. Japani ni 4% tu. Upande wa mashariki wa Ujerumani, 52% walisema hawaamini. Kenya haikuwa kwenye orodha.

Japani ndiyo ilinishika. Unaweza kufikiri kama ni 4% tu walio shua, basi hao wengine wote ni atheists. Hapana. Waliosema hawaamini kabisa hawakufika hata 10%. Watu wengi wa Japani wako pale katikati, wanaenda hekaluni mwaka mpya, wanaheshimu mababu, na ukiwabana kuhusu Mungu hawaoni kwa nini unawabana.

Na hizo tofauti hazikuanguka kutoka juu. Ufilipino ilitawaliwa na Uhispania zaidi ya miaka 300, mapadre wakiwa kila kijiji. Ujerumani Mashariki ilikaa miaka 40 chini ya serikali ya kikomunisti iliyokuwa ikifinya kanisa. Uhakika wa mtu una historia. Ungezaliwa Lamu ungekuwa shua kivingine. Ungezaliwa Leipzig pengine ungekuwa unatuangalia tu.

Hapo atheists hupenda kushangilia, kwamba si unaona, dini ni mahali ulipozaliwa tu. Pole pole. Hata hesabu uliyojifunza ilitegemea ulizaliwa wapi na kama shule yenu ilikuwa na mwalimu. Mbili na mbili bado ni nne. Kujua imani ya mtu ilitoka wapi hakukuambii kama ni kweli ama ni uongo. Kunakuambia tu kwamba ule uhakika wake, peke yake, haumaanishi kitu. Mtu wa Manila na mtu wa Leipzig wote wako shua, na hawawezi wote kuwa sawa.

Hii bet ya Pascal, odds zake ni gani?

Hoja zenyewe mnazijua, tuzipitie haraka. Ya kwanza: mat haijiendeshi, lazima kuna dere, na ulimwengu uliokuwa na mwanzo lazima kuna aliyeuanzisha. Mwanachuoni wa Kiislamu Al-Ghazali aliifunga vizuri sana hiyo karibu miaka 900 iliyopita na bado wasomi wanaitumia. Ya pili: dunia imepangwa vizuri sana kuwa bahati. Upande wa kukana, hoja kubwa ni moja na haihitaji digrii: kama ni mwema na ana nguvu zote, mbona mtoto wa jirani alikufa? Kila hoja ina jibu, na kila jibu lina swali lake. Ukitaka usiku mrefu, nenda YouTube.

Kuna kitu kimoja hapo nakipenda. Mtu aliyependekeza kwamba ulimwengu ulianza kutoka kitu kidogo sana kisha ukafura, ile tunaita Big Bang, alikuwa Georges Lemaître, na huyo alikuwa padre wa Katoliki kutoka Ubelgiji. Mwaka wa 1951 Papa Pius XII akaonekana kuishika hiyo nadharia kama ushahidi wa uumbaji. Ungedhani padre atafurahi. Hakufurahia. Yeye aliona sayansi ni sayansi na imani ni imani, na hakutaka moja ishikilie nyingine kama mti wa kuegemeza nyumba.

Sasa tukuje kwa betting, ambayo najua mko ndani. Blaise Pascal alikuwa Mfaransa, kichwa ya hesabu, na 1654 yeye na mwenzake Fermat walikuwa wanaandikiana barua kuhusu wacheza kamari: mchezo ukikatizwa katikati, pesa zigawanywe vipi? Kutoka kwa hizo barua ndipo hesabu ya uwezekano ilipata miguu. Yaani kila odds unayoiona kwa simu yako ina damu ya Pascal ndani.

Huyo huyo ndiye aliyeandika ile bet maarufu. Anasema hivi kwa maneno yetu: huwezi kujua kama Mungu yuko, lakini lazima ubet, kwa sababu kutobet pia ni kubet. Ukiweka yuko na kweli yuko, umeshinda bila mwisho. Ukiweka yuko na kumbe hayuko, umepoteza kidogo tu. Kwa hivyo weka yuko.

Inashika, si ndiyo? Lakini mtu yeyote aliyewahi kuchomeka na multibet ataona shida. Kwanza, hii slip ina timu ngapi? Pascal alikuwa anafikiria Mungu wa Wakatoliki dhidi ya hakuna kitu. Hapa Eastleigh pekee ukitembea dakika kumi utapata options za kutosha kukuharibia hesabu. Pili, huwezi kujilazimisha kuamini. Nikikuambia nitakupa milioni uamini kwa roho safi kwamba nje kuna ndovu wa zambarau, utasema unaamini, utachukua doh, na hutaamini. Pascal alilijua hilo, ndiyo maana alishauri mtu aanze tu kufanya matendo ya waumini, aende misa, apige magoti, moyo utafuata. Kuna ukweli hapo kuhusu binadamu, lakini pia inafanana sana na maisha ya kila kijana anayeendeshwa kanisani na mathe.

Wengine wamejaribu kuweka odds zenyewe. Mwaka wa 2003 mwanafizikia Stephen Unwin alitumia fomula ya uwezekano akapata Mungu yuko kwa 67%. Michael Shermer, Mmarekani asiyeamini, akachukua fomula ileile akapata 2%. Fomula haikuwa na makosa. Kila mmoja aliingiza namba alizokuwa nazo kichwani kabla hajaanza.

Na Pascal mwenyewe? Alipofariki 1662, mtumishi wake alikuta karatasi imeshonwa ndani ya koti lake. Ilikuwa na tarehe, usiku wa 23 Novemba 1654, kuanzia kama saa nne na nusu hadi saa sita na nusu usiku, na maneno yaliyokatika katika kuhusu kitu alichokipata usiku huo. Neno la uhakika ameliandika mara mbili. Hakuna hesabu hata moja kwenye hiyo karatasi. Mtu aliyetupa odds alibeba uhakika wake kwenye koti miaka minane bila kuutangaza.

Kiswahili chetu kimeshatofautisha

Chukua sentensi hizi mbili. "Naamini kwamba Mungu yuko." "Namwamini Mungu." Zinafanana lakini si moja. Ya kwanza ni maoni kuhusu dunia, kama kusema naamini mvua itanyesha. Ya pili ni kama kumwamini beshte umwachie funguo za keja. Unaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili: wako watu kibao wanaokubali Mungu yuko lakini hawamwachii hata bob. Na cha ajabu, unaweza kushikilia ya pili wakati ya kwanza inatetemeka. Mtu anaomba huku hajui kama kuna anayesikia.

Halafu kuna neno yakini, ambalo wasee wa Coast wanalijua kutoka madrasa. Wanachuoni wa Kiislamu hulipanga kwa ngazi tatu, na mfano wao ni moto. Umeambiwa kuna moto mahali, na aliyekuambia unamwamini: hiyo ni ya kwanza. Umeuona kwa macho: ya pili. Umekuunguza: ya tatu. Wengi wetu tuko ngazi ya kwanza. Tumeambiwa, na aliyetuambia tunampenda. Hakuna aibu hapo, hata kwamba Jupita iko tumeambiwa. Shida inaanza mtu wa ngazi ya kwanza akianza kuongea kama ameungua.

Mbiti alisema yuko, Okot akauliza nani amewaambia

Kuna stori tunapenda kujiambia, kwamba Mwafrika hajawahi kuwa na shaka. Kwamba kabla mzungu hajafika tulikuwa tunamjua Mungu yuleyule: Ngai, Nyasaye, Wele, Asis, Mulungu, majina tu ndiyo tofauti. Aliyeijenga hiyo kimaandishi zaidi ya wengine ni John Mbiti, mtoto wa Kitui, padre wa Anglikana na profesa wa Makerere, aliyefariki 2019. Kitabu chake cha 1969, African Religions and Philosophy, kinaanza kwa kusema Waafrika ni watu wa dini kupita kiasi. Mwaka uliofuata akatoa kingine kilichokusanya mawazo kuhusu Mungu kutoka kwa karibu jamii 300 za Afrika. Kwa wakati wake ilikuwa kazi ya kishujaa, kwa sababu wazungu wengi walikuwa wameandika kwamba hatukuwa na Mungu, tulikuwa na mizimu tu.

Lakini jirani akasema hapana. Okot p'Bitek, yule wa Song of Lawino, Mwacholi wa Gulu, aliyewahi kuchezea Uganda boli na baadaye akafundisha Nairobi, aliandika kwamba akina Mbiti walikuwa wamechukua miungu ya Kiafrika wakaivisha nguo za Wagiriki. Mjua yote, muweza yote, aliyeko kila mahali: nani kijijini alikuwa anaongea hivyo?

Akatoa mfano ambao ukishausoma hauwezi kukutoka. Mwaka wa 1911 wamisionari wa Italia walikaa na wazee wa Kiacholi wakawauliza nani aliwaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kutoka hakuna kitu, kwa hivyo swali likatoka kama: nani aliwafinyanga, vile chungu hufinyangwa? Wazee wakashangaa. Binadamu huzaliwa na mama yake. Wakabanwa zaidi. Mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu akipata ule ugonjwa wa uti wa mgongo unaomkunja kibiongo, husemwa kwamba amefinyangwa na Rubanga. Wamisionari wakafurahi: jibu limepatikana! Na hivyo Rubanga, roho iliyokuwa inaogopwa kwa kuvunja migongo ya watu, akawa jina la Mungu baba wa mbinguni.

Okot alikuwa mkali, na kuna wanaosema alizidisha. Mbiti naye alikuwa na ushahidi mwingi wa jamii ambazo kweli ziliomba muumba mmoja. Mimi naona wote wawili wanahitajika kwa shelfu moja. Kitu ambacho Okot anatuonyesha ni kwamba wale wazee hawakuwa 1 wala 7 kwa mizani ya Dawkins. Hawakuwa kwa mizani. Swali lao lilikuwa: huyu mtoto anaumwa, tumekosea wapi, na tufanye nini? Swali la "unaamini yuko?" lilikuja na mgeni, na sisi tumelirithi kama lilikuwa letu tangu zamani. Ukimsikiza shosh wako vizuri utagundua bado anaishi kwa lile la zamani.

Watakatifu waliokuwa na giza

Sasa hii ni ya wewe unayesoma hii kwa simu umeficha screen. Unayeimba kwaya na ndani hakuna kitu. Unayefunga Ramadhani yote na huna uhakika nani anahesabu.

Mama Teresa wa Kolkata alikufa 1997. Miaka kumi baadaye barua zake kwa mapadre wake zikachapishwa kitabu, na dunia ikashtuka. Kwa karibu miaka 50, ile miaka yote tuliyokuwa tunamwona kwa picha akibeba wagonjwa, hakuwa anahisi Mungu yuko. Aliandika kuhusu giza, ukimya, kuomba na kusikia patupu. Kuna waliosema basi alikuwa anadanganya. Kanisa lake likasoma barua hizohizo na 2016 likamtangaza mtakatifu.

Al-Ghazali, yule wa hoja ya mwanzo wa ulimwengu, mwaka wa 1095 alikuwa ndiye mwalimu mkubwa Baghdad, chuo cha Nizamiyya, wanafunzi mamia. Kabla ya hapo alikuwa ameshaulizana na nafsi yake anajuaje anachokijua. Macho hudanganya. Ndotoni unaamini kila kitu. Halafu siku moja darasani ulimi ukagoma, hakuweza kufundisha, chakula hakishuki. Akaacha kazi, akaacha heshima, akatoka mjini miaka kadhaa. Alirudi kuwa muumini mkubwa kuliko alivyoondoka, na mwenyewe akaandika kwamba hakuokolewa na hoja.

Na hata ndani ya vitabu vyenyewe wako. Injili ya Marko ina baba mwenye mtoto mgonjwa anayemwambia Yesu kwamba anaamini na hapohapo anaomba asaidiwe na kutoamini kwake. Hakufukuzwa, mtoto akapona. Kurani ina Nabii Ibrahim akimuomba Mola amwonyeshe vile wafu hufufuliwa, si eti haamini, ni moyo wake utulie. Naye alionyeshwa. Sijui kwa nini hizi stori huwa hazihubiriwi sana. Ama najua: haziuzi maji ya baraka.

Wale wa asilimia mia

Kwa sababu uhakika ni biashara, buda. Kila Mkenya wa umri fulani anajua namba 310 ilitoka wapi. Mtu anayeyumba hutafuta aliyesimama imara, na kuna watu wamejifunza kusimama imara kwa bei. Ukimuuliza swali, swali lenyewe linakuwa dhambi. Ukipona ni yeye, usipopona ni imani yako ndogo. Hapo hakuna matokeo yoyote duniani yanayoweza kumfanya aseme nilikosea, na mtu wa aina hiyo huwezi kumwita ana imani kubwa. Ana mfumo usioruhusu kushindwa.

Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ikatolewa, watoto wengi kati yao. Wafuasi wa kanisa la Paul Mackenzie walikuwa wameambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Mackenzie amekana mashtaka. Waliokufa wengi hawakuwa wajinga vile mtandao ulipenda kusema wiki ile. Kulikuwa na watu wa kazi zao, watu wa kutoka kaunti mbali, waliouza mali kwenda huko. Kitu walichokosa ni ruhusa ya kusema, hata kwa sauti ya chini, kwamba labda si hivyo. Wengine walioletwa hospitali wakiwa mifupa walikataa chakula.

Sasa turudi kwa nyumba, kwa sababu huko ndiko wengi wenu mmekwama. Sheria iko upande wako: kifungu cha 32 kinasema mtu hawezi kulazimishwa kufanya tendo kinyume na imani yake. Lakini katiba haitakupikia chapo Jumapili. Kama bado unakula kwa mathe, hakuna anayekudai utangaze namba yako mezani. Kimya si uongo. Uongo ni kusimama mbele ushuhudie kitu ambacho hakikutokea, na hapo unaweza kukataa kwa heshima.

Na siku mtaongea, usianze na Dawkins tafadhali. Muulize mathe yeye mwenyewe uhakika wake aliutoa wapi. Si kwa kumtega. Wengi wetu hatujawahi kuuliza. Unaweza kupata stori ya 2008 mlipokuwa hamna unga, ama ya yule mtoto aliyekutangulia ambaye jina lake halitajwi kwenu. Unaweza pia kupata jibu ambalo hukulitarajia, kwamba hata yeye kuna usiku huwa hajui, na huwa anaomba tu.